Panya Tuliosema Wamepona

Shemegi yangu Lali,

Mimi na wewe tulifundishwa kuandika barua na mwalimu mmoja, kwa bakora moja, na mwanzo tuliopewa ulikuwa mmoja tu: mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo nimeshika kalamu na mwanzo huo umekataa kuandikika. Wewe uliye mbali ndiye uliyesalimika. Hapana tena wa kukufanya kitu, hata dada yako. Hofu iko huku, shemegi. Imekaa nami jamvini, tunakula sinia moja, nayo inakula kuliko mimi.

Kwanza nijuze: Munkari na Nakiri wamekumaliza, au ungali ukiwabishia? Mtu aliyeweza kumbishia mwenye duka mpaka akapunguziwa bei ya kitu asichotaka kukinunua, hao malaika wawili wa kaburini, maskini... astaghfirullahi. Unaona? Nimeanza. Wanijua, nikimwona papa nitacheka kwanza ndio nitafute pa kupanda. Na utani wa shemegi haukatwi na udongo.

Nakuandikia kwa sababu kusema nimekatazwa. Dada yako Tima amepiga marufuku jina la maradhi yangu ndani ya nyumba. Asema ukilitaja umeliita, na likija halibishi hodi. Nikifungua mdomo tu kusema "pale tumboni", yeye hushika kichwa: "Ishia hapo, baba Omari! Umeshapona, wataka kuligutusha?" Basi ulimi umefungwa. Kalamu hakuitaja.

Ngoja nikupe habari kwa mpango, maana uliondoka bila kuaga. Kisiwa kizima kilisema umekufa kifo cha kiungwana: randa mkononi, ubao mbele yako, ukakaa kidogo kupumzika, ukapumzika kabisa. Mimi? Nilikasirika. Tulikubaliana tangu utotoni kwamba mimi nitatangulia, kwa kuwa ni mkubwa kwako, na sura yangu haina hasara ikizikwa.

Hata khitma ya arubaini yako haijasomwa, tumbo langu likaanza. Nilidhani ni wali wa matanga yako. Nilikula sana, usinilaumu, huzuni yangu mimi huingilia mdomoni. Kumbe ni uvimbe, umejikalia ndani karibu na uti wa mgongo kama mgeni asiyetaka kuonekana na wenyeji. Madaktari wa Kismayu wakanitazama, wakatazamana, wakasema: Mombasa. Omari mwanangu akanipokea huko, akanipeleka hospitali. Daktari wangu ni mwana wa kike, mdogo kwa umri kuliko jino langu bovu, lakini ana macho ya kumtazama mchu, mtu mzima kama mimi, bila kumkwepa. Akanieleza taratibu: "Mzee, tutakupiga mionzi." Nikacheka kicheko kikubwa. Akamgeukia Omari: "Mzee wako jasiri."

Jasiri! Nilikuwa nikiutafuta mlango kwa jicho. Maana mionzi mimi na wewe twaijua, shemegi. Tumefagia nyuma yake.

Nikukumbushe, ingawa wakumbuka kuliko mimi. Mji ule wa baridi, tulikofikishwa na ukimbizi baada ya kisiwa chetu cha Koyama kutufukuza kwa bunduki na kambi ya Mombasa kutuchosha kwa kungoja. Tulitafuta kazi ya bahari, tukapewa ya panya. Jengo kubwa, chumba cha chini kisicho na dirisha, vizimba vimepangwa kwenye rafu kama bidhaa dukani, na ndani yake panya wadogo weusi. Kazi yetu ilikuwa kumwaga maranda machafu, kutia masafi, kubadili maji. Wewe fundi wa mashua, uliyezoea kutoa maranda kwenye mbao, sasa ukawa watoa maranda chini ya makalio ya panya! Nilikucheka mpaka wakubwa wakaja kuuliza kuna nini. Huku nyumbani tukaandika kuwa twafanya kazi hospitali. Haukuwa uongo mkubwa, wagonjwa walikuwapo. Mama yako akautangazia ulimwengu kwamba mwanawe ni daktari, na uliporudi Koyama ukapangiwa foleni ya magoti na meno. Wote uliwapa dawa moja: "Kunywa maji, lala." Na wengi wakarudi kukushukuru.

Mashine yenyewe hatukuigusa. Panya walichukuliwa, wakapigwa mionzi mingi kwa mara moja, karibu mwili mzima, kisha wakarudishwa kwetu. Yule bibi mkuu wa maabara alitueleza kwa upole, hakuwa mtu mbaya. Dunia ina ajali za mionzi, akasema, na ina wagonjwa wanaotibiwa nayo, na lazima ijulikane nini humfika aliyeunguzwa, na dawa gani itamfaa. Mwanzo wengine walikufa. Wakaharisha, wakakunja mgongo, tukifika kazini twawakuta wamelala ubavu. Waliobaki wakala. Wakanenepa. Wakapanda juu ya vizimba wakawa wananing'inia. Hao wakahamishiwa chumba chao, na mlangoni pakabandikwa neno la Kizungu.

Ukaniuliza, "Pameandikwaje?" Mimi ndiye niliyekuwa msomi wetu, niliyefika darasa moja mbele yako kabla shule haijanishinda. Neno lile maana yake ni wale waliobaki hai. Nikakutafsiria: "Chumba cha waliopona."

Shemegi, kwani nilikosea? Mtu akitoka katika mashua iliyozama, si husemwa kapona? Na mtu homa ikimwacha, si husemwa kapona? Lugha yetu haina choyo, imewapa wawili hao neno moja. Wewe ukalichukua la pili. "Alhamdulillahi," ukasema, ukainua mikono mbele ya panya. Ukawa waingia chumba kile kama mtu aingiaye harusini. Ukawapenyezea makombo ya biskuti, jambo tuliloambiwa wazi tusilifanye, na mmoja ukampa jina langu, eti kwa kuwa ana masikio makubwa na hanyamazi.

Miezi ikapita. Kwanza wakatoka mvi. Panya weusi wale wakawa kijivu shingoni, kisha mgongoni, nasi tukawaamkia kila tukiingia: shikamooni, wazee wa msikiti. Halafu siku moja ukanishika mkono ukanitia kwenye maranda. "Mchu wangu, haya maji yatoka wapi?" Maranda yamelowa chapachapa, nasi tumeyabadili jana. Wewe ni fundi wa mashua, kwako penye maji pana tundu. Ukaishuku chupa. Ukakaza kifuniko, ukaipindua, ukaitazama mbele ya taa, ukasema ingekuwa kwetu ungeiziba kwa kalafati ya pamba na mafuta ukamaliza kazi. Tukabadili chupa. Maranda yakalowa. Tukabadili kizimba kizima. Yakalowa. Na yule panya mwenye jina langu amesimama pale kwenye mrija, anakunywa, anakunywa, haachi, huku akinitazama kwa jicho moja.

Chupa ilikuwa nzima. Kilichovuja ni figo.

Bibi mkuu hakushangaa, alikuwa akilingojea hilo. Akatueleza kuwa mionzi huanza na vile vinavyokua haraka mwilini, damu na utumbo, na panya akivuka hapo hudhaniwa kavuka. Lakini figo, mapafu, moyo, hivyo mambo yake ni polepole, na madhara yake huja polepole. Nyama iliyokuwa laini hugeuka kovu kidogo kidogo, na mwenyewe anakula, anacheza, hana habari. Akatuonyesha figo ya mmoja aliyepasuliwa. Ilikuwa ndogo, imepauka, imekunjana mfano wa tende iliyosahauliwa kabatini. Wengine yakawa mapafu. Walikuwa wamekaa tu, hawaendi popote, na ubavu ukienda mbio kama wa mtu aliyetoka kukwea mnazi.

Ulikasirika, tena ulinikasirikia mimi, si yule bibi. "Ulinambia wamepona!" Nikasema wamepona, ndiyo, wamepona kifo cha kwanza. Ukasema, "Basi hilo neno lako lina tundu," ukaenda zako. Biskuti zikakoma. Ukawa ukibadili maranda wasoma Fatiha kwa sauti ya chini, nami nikakwambia panya hana haja nayo, hana dhambi. Ukanijibu bila kugeuka: "Simsomei yeye."

Sasa waelewa kwa nini nilicheka mbele ya daktari.

Walinilaza chini ya mashine, wakanichora alama tumboni kama wewe unavyouchora ubao kabla ya msumeno. Haiumi. Hilo ndilo la kutisha, Lali, haiumi kitu. Inalia kidogo, mmm, kama mbu aliyeshiba, halafu waambiwa shuka, njoo kesho. Nikaenda hivyo kesho baada ya kesho, natapika, nakonda, mpaka uvimbe ukasinyaa. Wakanipiga picha. Daktari akatoka na uso wa Idi: "Mzee, umepona."

Omari alilia. Tima alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiondoa sikioni. Mimi nilikaa pale kitini nikiuliza kimoyomoyo: kupona kupi? Kwa mashua, au kwa homa?

Daktari akaongeza maneno, na Omari alikuwa ameshatoka nje kupiga simu za furaha. "Lakini usipotee, mzee wangu. Uwe waja tupime damu na mkojo. Figo moja ilikuwa karibu sana na pale tulipopiga." Nikaitikia, nikayameza. Nilipofika Koyama Tima akauliza daktari kasemaje. Nikamjibu: "Kasema nioe wa pili, nguvu zimerudi." Akanirushia upawa, na mazungumzo yakaishia hapo, kama nilivyotaka.

Akachinjwa mbuzi wa nadhiri. Tima alikuwa ameweka nadhiri nikipona atachinja, na mwalimu wa msikitini akasema mbuzi wa nadhiri haliwi na mwenye nadhiri, na kwa tahadhari nyumba nzima isile. Basi kisiwa kizima kikala nyama kwa kupona kwangu, na mimi niliyepona nikala wali mtupu nikisikia harufu. Ungekuwapo ungenitania mpaka leo. Watu wakanipa mkono, wakasema hongera, umepona, na kila aliposema mmoja nikahisi kana kwamba ananipenyezea kombo la biskuti.

Sasa sikia. Hivi karibuni nimeanza kushikwa na kiu. Mtungi uliokuwa ukitutosha, naona kitako chake kabla ya adhuhuri. Najiambia ni joto. Najiambia ni samaki wa chumvi wa dada yako. Najiambia ni uzee, mwanamume wa rika langu ana udugu na choo. Halafu juzi kandambili zikakataa kuingia. Tima akaitazama miguu akaangua kicheko: "Mwanamume, umenenepa miguu! Wengine utajiri huanzia kitambi, wako umeanzia chini." Tukacheka wote. Alipoingia ndani nikaubonyeza mguu kwa kidole. Pakabaki shimo. Nikaondoa kidole, na shimo likakaa palepale likinitazama.

Tangu hapo nimekuwa mwoga wa maji, Lali, mimi niliyezaliwa yamenizunguka. Kila nikiinua kikombe namwona yule mwenye masikio, kwenye mrija. Nikinywa naogopa, nikiacha kiu yanichoma. Nimekuwa nikijihesabia pumzi, nikijitazama ubavu kwenye kioo cha Tima kama binti anayejipima nguo. Naogopa mambo ya kipumbavu pia. Naogopa wale panya wananingoja huko uliko, wamejipanga mlangoni na mvi zao, na wa mbele ataniuliza: ninyi wawili mlikuwa mkicheka nini?

Nikamwambia Tima nakwenda kutazama nyavu, nikaenda upande wa pili wa kisiwa, penye mtandao na mbuzi. Nikampigia daktari. Nikamtajia kiu, nikamtajia miguu. Akaniuliza nimejuaje kuyatazama hayo. Nikamweleza habari za panya wetu. Alicheka mwanzo, kisha akakata kicheko.

"Mzee," akasema, "wewe si panya."

Nikamwambia mke wangu ana ushahidi tofauti. Hakucheka tena. Akasema wale walipigwa kwa mkupuo, mwili mzima, mimi nilipimiwa kidogo kidogo, mahali pamoja. "Na figo tuliikwepa kadiri tulivyoweza. Inaweza kuwa figo, inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa sukari au presha, inaweza kuwa chumvi ya huyo samaki wako. Sijui mpaka nikupime. Njoo."

Kadiri tulivyoweza. Daktari mkweli ni balaa, shemegi. Ningempenda zaidi mwongo.

Lakini alisema na jambo jingine. Figo ikianza kuchoka na ikajulikana mapema, kuna vidonge, hivi hivi vya presha, vinavyoipunguzia mzigo. Nikakumbuka vile vizimba vya rafu ya chini. Maji yao yalitiwa dawa, na tuliapishwa tusichanganye chupa. Wale nao walitoka mvi kama wenzao, lakini maranda yao yalikawia kulowa. Hawakuishi milele, ila waliishi kuwazika wa rafu za juu. Wewe ukasema wana bahati. Bibi mkuu akasema si bahati, walianza kupewa dawa kabla dalili hazijatoka.

Kabla, Lali. Na mimi maneno ya daktari nimeyakalia tangu Mombasa kama kuku akaliaye yai bovu. Ukiikamua hofu yangu yote, kinachotoka ni hicho. Kufa si neno, kama umeweza wewe haiwezi kuwa kazi ngumu. Naogopa kwamba nimechelewa. Na naogopa huku kukaa nikijichungulia kila saa, niwe panya na mfagizi wa panya kwa wakati mmoja, bila wewe wa kunishika mkono na kuniuliza maji yatoka wapi.

Basi leo asubuhi nimevunja marufuku. Tima alikuwa mlangoni na ungo, anachagua mchele. Nikakaa mbele yake, nikanyoosha miguu, nikalitaja. Nikasema saratani. Nikasema mionzi, nikasema figo, nikayasema yote ya daktari niliyomficha. Kisha nikangoja paa lianguke. Kuku akapita. Tima hakushika kichwa. Aliendelea kuchagua, jiwe huku, jiwe huku, mpaka nikaona anachokitupa si mawe tena, ni mchele.

"Kaka yangu alijua?"

Nikamwambia wewe ulikuwa umeshakufa.

"Basi umelibeba na nani?"

"Peke yangu."

Akaweka ungo chini. "Mwanamume mjinga," akasema. "Mimi nilikataza maradhi yasitajwe. Nilikukataza na kuogopa?"

Nilitafuta mzaha, shemegi. Nilitafuta kila mahali ninapouweka, nikakosa. Machozi yakanitoka kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Akanivuta mguu akauweka pajani mwake, akaubonyeza kwa dole gumba, akaliangalia lile shimo mpaka likajaa lenyewe. Hakucheka. Akainuka kutafuta buibui lake.

Boti ya Kismayu inaondoka leo maji yakijaa, na kutoka huko Omari ametutafutia njia ya Mombasa. Tima anakuja. Nilimwambia abaki na kuku wake. Akaniuliza nani atasikiliza maneno ya daktari wakati mimi nachekacheka.

Ahadi yangu ndiyo hii, nakupa wewe kwa kuwa sasa huwezi kuhongwa. Nitakojoa kwenye kikopo chao. Nitatoa damu. Wakinipa vidonge nitameza, hata vikiwa vichungu kama ulimi wako. Wakisoma majibu nitanyamaza mpaka mwisho, na wakisema nimechelewa nitayasikia hayo na mkono wa dada yako mkononi mwangu, ayasikie naye. Na nikiogopa, nitaogopa mbele yake, kwa sauti. Sitamfanyia mzaha kumziba macho.

Kwaheri, Lali. Mungu akupe nuru na wasaa hapo ulipo. Jitandaze, lala katikati, usinibakishie upande.

Tima ananiita mara ya pili. Naogopa, shemegi. Nakwenda.